Kura Haichezi Mpira

Mashindano ya kandanda ya shule za sekondari nchini Kenya yamejengwa mfano wa ngazi. Shule huanza katika kanda yake. Ikishinda hupanda kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha eneo lenye mipaka ya mkoa wa zamani, kisha taifa. Na zilizo bora kupita zote huvuka mipaka kwenda kushindana na shule za Uganda, Tanzania, Rwanda na majirani wengine. Kijana wa Thika au wa Ruiru atakaye kilele hicho hana budi kuvikanyaga vipandio vyote, kimoja baada ya kimoja. Ngazi hii siigombi. Ninagombana na kipandio kimoja kilichooza, nacho ni desturi ya kupanga mechi za mtoano kwa kura tupu. Karatasi hukunjwa, hutiwa katika kofia, mkono huingia, na majina mawili yatokayo pamoja hupambana. Mshindi hupanda, mshindwa hurudi nyumbani, na mwaka wake umekwisha.

Watetezi wa desturi hii ni wengi, na baadhi yao ni walimu wenzangu ninaowaheshimu. Husema kuwa kura haina jamaa wala kabila, haijui shule tajiri wala maskini, na kwa hiyo ni mwamuzi mwadilifu kuliko binadamu yeyote. Maneno haya ni matamu masikioni, lakini yana kasoro kubwa. Asiyeona hawezi kupendelea, ni kweli. Wala hawezi kupima. Mizani isiyopima haimfai muuzaji wala mnunuzi, hata ikiwa haimwonei mtu. Haki ya mashindano ni kumpa kila mmoja alichokitolea jasho, na kura haijui jasho ni nini.

Na tufanye hesabu, maana hesabu haina mjomba. Tuseme timu 8 zimefika katika mtoano, na katika hizo zipo 2 zilizo bora kuliko nyingine. Zikipangwa kwa kura tupu, zina nafasi 1 katika 7 ya kukutana siku ya kwanza, na nafasi 3 katika 7 ya kukutana kabla ya fainali. Timu zikiwa 16, nafasi ya kukutana kabla ya fainali huwa 7 katika 15, yaani karibu nusu. Basi karibu mara moja katika kila mashindano mawili, siku ya fainali ikifika mojawapo ya timu mbili bora itakuwa imekwisha kwenda zake, huku timu iliyo hafifu kuliko hiyo ikivishwa medali ya pili. Tena, katika hizo timu 16, timu 8 hucheza mara moja tu. Vijana waliokimbia alfajiri kwa majuma mengi, wakaacha usingizi na starehe, hupewa alasiri moja, na pengine alasiri hiyo ni mbele ya bingwa mtarajiwa. Je, hiyo ndiyo malezi?

Hesabu ya pili iko hapa kwetu. Kaunti ya Kiambu ina majimbo 12 ya uchaguzi, Thika na Ruiru yakiwa miongoni mwake. Tuseme kila jimbo limeleta bingwa mmoja. Timu 12 haziwezi kutoana mpaka fainali bila kuwapo pengo: timu 8 zitacheza raundi ya kwanza, na timu 4 zitapita bila kucheza. Zipite zipi? Kofia ikiulizwa, itampa ushindi mtu ambaye hakugusa mpira. Huyu atakuja raundi ya pili na miguu iliyopumzika, akutane na mwenzake aliyechoka. Sioni uadilifu katika jambo hilo. Ikiwa ni lazima baadhi wapumzike, na wapumzike waliokwisha kuonyesha kazi yao.

Shida nyingine ni ya nafasi zenyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru na watu 251,407 katika mji wa Thika. Penye watu wengi pana shule nyingi, na penye shule nyingi kufuzu ni kazi ngumu zaidi. Pale ambapo kila mahali hupewa nafasi moja tu, pawe pana shule chache au shule tele, timu ya pili ya mji mkubwa hubaki nyumbani hata ikiwa ingeweza kumshinda bingwa wa mahali pengine. Jambo hili haliko Kiambu peke yake. Katika Kaunti ya Kakamega zipo shule ya Kakamega na shule ya Musingu, zote mbili zenye jina kubwa katika kandanda ya shule. Penye nafasi moja, mojawapo hutazama mashindano kwa mbali. Kwa hiyo nafasi za kufuzu zifuate hesabu ya shule zinazoshindana. Mipaka ya ramani peke yake haitoshi.

Lakini nisieleweke vibaya. Ninaposema timu zipangwe kwa daraja, yaani zilizopimwa kuwa bora zitengwe mbalimbali katika ratiba zisikutane mapema, sisemi kwamba shule yenye jina kubwa itandikiwe zulia. Upo upangaji ulio mbaya kuliko kura, nao ni ule wa kuangalia jina. Kombe la Dunia la mwaka 1954, lililochezwa Uswisi, ni ushahidi. Wakuu wa mashindano walichagua mapema timu za heshima, mbili kwa kila kundi, na Hispania ilikuwa mojawapo. Hispania na Uturuki zikashindana kwa ajili ya kufuzu, kila moja ikashinda mara moja, na mechi ya tatu huko Roma ikawa sare ya 2-2. Mtoto aliyefungwa macho akaokota kura, na kura ikaipa Uturuki. Hapo Uturuki ikarithi nafasi ya Hispania pamoja na heshima yake yote, na Ujerumani Magharibi ikaachwa nje ya timu za heshima. Mwisho wake ulikuwaje? Ujerumani Magharibi iliipiga Uturuki 4-1, ikaipiga tena 7-2, na ndiyo iliyotwaa kombe kwa kuishinda Hungaria 3-2. Huko jina na kura vilikula njama dhidi ya ukweli, na uwanja ukavifedhehesha vyote viwili.

Katika shule kosa hilo huwa kubwa zaidi. Klabu ya watu wazima yaweza kukaa na mchezaji miaka kumi, shule haiwezi. Kila mwaka darasa la mwisho huondoka, na pamoja nalo huondoka mlinda lango, nahodha na mfungaji. Linalobaki ni jezi na kikombe kabatini. Kuitenga shule kwa sababu ya ubingwa wa mwaka jana ni kuwalipa waliokwisha kwenda, na kuwatoza waliopo. Tena ni kuwaharibu hao hao wanaosifiwa, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Basi daraja ipatikane wapi? Ipatikane uwanjani, mwaka huu huu, kwa miguu ya vijana hawa hawa. Katika kanda na kaunti ndogo shule zigawanywe katika makundi ya timu 4, kila moja icheze na wenzake wote. Hivyo kila shule, hata iliyo dhaifu, itakuwa na mechi 3 za hakika. Pointi zihesabiwe. Inapofika kaunti, washindi wa makundi watengwe, na kila mmoja aanze kwa kukutana na timu iliyofuzu kwa nafasi ya pili kutoka kundi jingine. Timu mbili zilizotoka mahali pamoja, ziwe za Thika au za Ruiru, ziwekwe pande mbili za ratiba. Ndani ya mipaka hiyo kura na ipigwe, nami nitaishangilia. Ibaki na kazi yake ndogo ya kuchagua kati ya walio sawa.

Nitaambiwa kuwa mechi zitakuwa nyingi na fedha ni chache. Ni kweli: mtoano wa timu 8 huhitaji mechi 7, na makundi mawili ya timu 4 pamoja na nusu fainali na fainali huhitaji 15. Lakini nyongeza hiyo naiweka chini ya ngazi, ambako shule ni majirani. Shule za mji mmoja huweza kutembeleana jioni baada ya masomo bila kukodi basi wala kulala ugenini. Huko juu, ambako safari ni ndefu na chakula cha timu ni gharama, mtoano utaendelea kama kawaida.

Nitaambiwa tena kuwa makundi huleta hila. Hilo nalo limewahi kutokea. Mwaka 1982, huko Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria zilicheza mechi ambayo bao 1-0 lilizifaa zote mbili, zikatembeza mpira mpaka mwisho, na Algeria, iliyokuwa imekwisha kucheza mechi zake, ikatolewa. Dawa ilipatikana: tangu mwaka 1986 mechi za mwisho za kundi katika Kombe la Dunia huanza kwa wakati mmoja. Viwanja viwili vya shule jirani vyatosha kwa dawa hiyo.

Hoja ya mwisho ndiyo inayonigusa zaidi. Husemwa kuwa mpango huu utawafungia mlango wadogo, na shule ya kutwa isiyo na viatu vya mpira haitapata bahati ya kuteleza mpaka fainali. Nasema kinyume chake. Katika Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1930, timu 4 zilitengwa, Brazil ikiwa mojawapo. Na Yugoslavia, ambayo haikutengwa, iliishinda Brazil 2-1 ikaingia nusu fainali. Kutenga timu hakumzuii mdogo kushinda. Humzuia mtu kusema kuwa alishinda kwa bahati. Mnyonge akiongoza kundi lake kwa pointi zake, huyo ndiye atakayetengwa, na shule kubwa iliyomfuata nyuma ndiyo itakayopanda mlima. Kura haiwezi kumpa zawadi kama hiyo.

Enyi vijana wa Thika na Ruiru, na nyinyi walimu wa michezo mnaoketi kupanga ratiba, michezo ya shule ni darasa kama madarasa mengine. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na hilo huwafunza wanafunzi wetu kila siku. Lakini kijana hukubali kushindwa kwa moyo mkunjufu anapojua ameshindwa na mtu. Akishindwa na karatasi iliyokunjwa, hujifunza kuwa juhudi na uvivu vina malipo sawa. Mwanafunzi aliye katika mwaka wake wa mwisho shuleni hana mwaka mwingine wa kusahihisha funzo hilo. Mpeni mechi zake tatu, mhesabieni pointi zake, kisha mwacheni apande mpaka pale miguu yake itakapomfikisha.