Haki ya Wazee Yahitaji Jaji Huru

Wapo wanaodhani kwamba kuapishwa au kunyimwa kiapo kwa jaji jijini Nairobi ni jambo la mawakili tu, lisilomhusu mkulima Mpokomo wala mfugaji Muorma. Dhana hiyo ni potofu, na safari ya Jaji Joel Ngugi yathibitisha hivyo.

Ngugi alisomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akapata uzamivu Harvard, kisha akawa profesa wa sheria Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Mwaka 2011 aliteuliwa jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 2016 Jaji Mkuu Willy Mutunga alimpa uenyekiti wa jopo la kuchunguza njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na sera iliyotokana na kazi hiyo ikazinduliwa mwaka 2020. Msomi huyo hakuwadharau wazee. Alitaka mahakama iwatambue na kushirikiana nao.

Sisi wa Tana twaijua thamani ya jambo hilo. Ni wazee wa Gasa, upande wa Wapokomo, na wa Matadeda, upande wa Waorma, wanaojua malka ipi yapitisha mifugo hadi mtoni, na shamba lipi lisikanyagwe. Agosti 2012, katika kijiji cha Reketa, zaidi ya watu 50 waliuawa kwa siku moja, wengi wao wanawake na watoto. Hiyo ndiyo gharama ya ugomvi wa maji na malisho usiopata mwamuzi anayeaminiwa na pande zote.

Lakini wazee nao ni binadamu. Mjane aweza kunyimwa urithi, na binti aliyedhulumiwa aweza kuona shauri lake likimalizwa kwa ng'ombe baina ya wanaume. Ndiyo maana Kifungu cha 159 cha Katiba, kinachohimiza usuluhishi wa jadi, chakataza usivunje haki za binadamu. Tena Gasa haiwezi kuiita Serikali barazani. Wakazi wa Delta walipolalamikia matumizi ya ardhi yao yasiyo na mpango, ilibidi waende Mahakama Kuu, nayo Februari 2013 ikaviamuru vyombo vya Serikali viandae mipango kwa kuwashirikisha wananchi.

Jaji wa namna hiyo hapatikani pale anapoiogopa Ikulu. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilimpendekeza Ngugi kwa Mahakama ya Rufaa. Mei 2021 aliongoza jopo la majaji watano lililousimamisha mpango wa kubadili Katiba uliojulikana kama BBI. Juni mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta aliwateua majaji 34 na kuwaacha sita, Ngugi akiwa mmoja wao, ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imekwisha kuamua kwamba Rais hana mamlaka ya kuchagua miongoni mwa waliopendekezwa. Hawakuapishwa hadi Septemba 2022, utawala ulipobadilika.

Wenye umri wangu hawatashangaa. Mwaka 1988 Bunge la chama kimoja liliwaondolea majaji ulinzi wa kazi zao, na haukurudishwa hadi 1990. Mikono hubadilika, tamaa ya kumiliki kiti cha hukumu haibadiliki. Na furaha ya 2022 isitulevye: haki inayongoja Rais mwingine si haki, ni hisani.

Waumini wanakumbuka shauri la Yethro kwa Musa: madogo yaamuliwe na waamuzi waliochaguliwa kati ya watu, magumu yaletwe juu. Mpango ule ulihitaji ngazi zote mbili ziwe na watu wasiopenda rushwa. Basi makanisa na misikiti ya Garsen, Hola na Kipini iwahimize wazee waandike maamuzi yao na kuwapa wanawake nafasi barazani. Na Tume inapotangaza majina ya wanaotaka ujaji na kuomba maoni ya umma, tupeleke maoni yetu kwa maandishi. Anayekaa kimya wakati jaji akichaguliwa asistaajabu siku atakapohukumiwa na mwoga.