Bonde la Mwanakwerekwe na nyumba zilizotangulia mpango

Nyumba iliyotangulia mpango ni ile iliyosimama mahali ambapo ramani ya mji ya leo isingeruhusu nyumba: kwenye ukingo wa bonde la maji, ndani ya eneo la kianzio cha maji au ubavuni mwa msitu wa hifadhi. Aghalabu mwenyewe alinunua kiwanja kwa nia njema, akajenga kwa jasho lake, akazaa na kulea humo kabla ya mtu yeyote kuja na kigingi cha mpaka. Katika nchi nyingi sheria huiacha nyumba ya namna hiyo isimame na ikarabatiwe, ila haiiachii ikue itakavyo. Mwanakwerekwe, katika Wilaya ya Magharibi B, Unguja, shida ipo kwenye huko kukua. Chumba kinaongezwa hapa, ukuta unasogezwa pale, na kila kibali, au kila ujenzi usio na kibali, huamuliwa peke yake kana kwamba bonde zima lina nyumba moja.

Wenyeji hupaita pale chini ziwani, na hawakosei. Mvua ya masika, inayoanza Machi na kukolea Aprili na Mei, huteremka kutoka mitaa iliyo juu na kutuama bondeni. Mabonde ya Unguja kwa kawaida yana kinamo, udongo mzito unaofaa mpunga kwa sababu ile ile inayowatesa wenye nyumba: haunywi maji upesi. Kwa miaka mingi barabara ya Fuoni ilikuwa ikifungwa na maji hapo ziwani, na mbele zaidi Kibonde Mzungu, hata ikabidi iinuliwe. Mradi wa huduma za miji wa Zanzibar, ulioanza mwaka 2011 kwa fedha za Benki ya Dunia, ulichimba na kujenga mitaro mikubwa ya kuyatoa maji ya mvua mjini. Mitaro hiyo ina faida, lakini mtaro huchukua maji yanayoufikia tu. Hauwezi kurudisha nafasi ya bonde iliyokwisha kujazwa kifusi.

Kaskazini ya Mwanakwerekwe upo mgongo wa Masingini, karibu mita 120 juu ya usawa wa bahari, sehemu ya juu kabisa ya Unguja. Msitu wake umehifadhiwa kwa ajili ya maji. Kisiwa hiki hakina mto mkubwa wa kutegemewa, na maji ya mjini hutoka ardhini, kwenye visima na chemchem. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyavuta maji ya chemchem za upande wa Bububu kwa mfereji hadi Mji Mkongwe, na mabaki ya mfereji ule yapo hadi leo. Mvua inayozama Masingini na kwenye mabonde ya chini yake ndiyo inayorudi bombani. Njiani hupita kwenye jiwe la matumbawe, lenye nyufa na matundu, ambalo halichuji uchafu kama mchanga unavyochuja. Kinachomiminwa kwenye shimo la choo lisilosakafiwa hakikai pale kilipomiminwa. Mripuko wa kipindupindu wa 2015 na 2016 uliukumbusha mji mzima jinsi choo na kisima vilivyo karibu.

Mji wa Zanzibar haukukosa mipango. Mpangaji miji aitwaye Lanchester aliuchorea mpango mwaka 1923, mwenzake Kendall akauchorea mwengine mwaka 1958, wataalamu wa Ujerumani Mashariki mwaka 1968, na Wachina mwaka 1982. Sheria ya mipango ya miji na vijiji ilitungwa mwaka 1955. Kilichoshinda mipango yote hiyo ni eka tatu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliwekwa mikononi mwa serikali, na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu za kulima. Watoto wa waliogaiwa wakawa wengi, mji ukawafuata, na mashamba yakakatwa viwanja na kuuzwa kwa karatasi iliyotiwa saini mbele ya sheha na mashahidi. Sheria ya ardhi ya 1992 haikuuzima mwendo huo. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012. Katika sensa ya 2022 walikuwa 893,169. Watu laki tatu walioongezeka katika miaka kumi walihitaji pa kulala, na bondeni ndipo palipokuwa na nafasi na bei nafuu. Si haki kuwaita wavamizi watu waliouziwa mbele ya mashahidi.

Inafaa kukitazama kwa karibu chumba kimoja kinachoongezwa. Lori la kifusi linarudi kinyumenyume hadi mwisho wa uwa na kumwaga mzigo pale ambapo nyasi zilikuwa zikisimama ndani ya maji kila Aprili. Kifusi kinasawazishwa, kinashindiliwa, na juu yake unapanda msingi wa matofali. Kwenye ukuta wa zamani, chini kidogo ya dirisha, bado unaonekana mstari wa rangi ya udongo ulioachwa na maji ya masika yaliyopita. Fundi anaupaka chokaa. Chumba cha mita tatu kwa nne, kikiwa juu ya kifusi cha kimo cha mita moja, kimekalia nafasi ya lita 12,000 za maji, yaani matangi kumi na mawili ya lita elfu moja. Nyumba arubaini zikifanya hivyo, bonde limepoteza nafasi ya lita 480,000. Maji hayo hayapotei. Yanahamia kwa jirani ambaye hakuongeza kitu, na mara nyingi jirani huyo ni mjane au mzee asiye na uwezo wa kununua hata toroli la kifusi. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya bati la chumba hicho inamwaga lita 600 nyengine chini, ambazo zamani zilikuwa zikianguka kwenye udongo.

Kwa hiyo mabadiliko ya nyumba hayafai kupimwa kwa kipimo kimoja. Kubadilisha bati lililooza, kupiga plasta, kuinua kizingiti ili maji yasiingie ndani, au kusakafia shimo la choo lililokuwa wazi chini, hakumdhuru mtu. Kazi ya mwisho inamnufaisha kila anayekunywa maji ya kisima. Mambo hayo yaruhusiwe upesi, bila ya kumzungusha mwenye nyumba maofisini. Kupanda ghorofa ni jambo jengine. Hakuli nafasi ya bonde, lakini huleta watu na choo zaidi, na msingi uliowekwa kwa nyumba ya chini juu ya kinamo haufai kubebeshwa ghorofa kabla ya mhandisi kuupima. Kutanua nyumba kuelekea majini, kuelekea kianzio cha maji au kuelekea msituni ndiko kunakopaswa kukataliwa, na kukataliwa kwa wote, mwenye cheo na asiye nacho. Katika miji mingi ya Marekani upo mpaka mwengine: nyumba ya namna hii ikiharibika zaidi ya nusu, hujengwa upya kwa kufuata mpango mpya. Mwanakwerekwe kanuni hiyo itakuwa ya haki pale tu mwenye nyumba atakapopewa kiwanja chengine cha kujengea.

Uamuzi wenyewe leo umetawanyika. Kamisheni ya Ardhi, idara ya mipango miji, Baraza la Manispaa la Magharibi B, mamlaka ya mazingira iliyo chini ya sheria ya 2015, Mamlaka ya Maji iliyo chini ya sheria ya 2006, na idara ya misitu kwa upande wa Masingini, kila chombo kina sehemu yake. Mwombaji huanza kwa sheha. Jirani wa upande wa chini, ambaye maji yatamwendea, mara nyingi haulizwi. Hulijua jambo anapoliona lori la kifusi, na hapo tena ni ugomvi wa jirani na jirani, baina ya watu wanaozikana na kuozana.

Kungoja kuna gharama yake, na Dar es Salaam imekwisha kuilipa. Sheria ya mazingira ya Tanzania Bara ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji, lakini nyumba za bonde la Msimbazi ziliachwa zikaongezeka mwaka hadi mwaka. Desemba 2015 zikaanza kubomolewa. Nyengine zikatiwa alama ya X nyekundu, na familia zikakaa na vitanda vyao nje mvua ikiwa njiani. Kwa upande wa pili, Unguja yenyewe ina mfano mwema. Vijiji vinavyopakana na Jozani vilikubaliana juu ya mipaka na matumizi ya misitu yao, vikaunda jumuiya yao ya uhifadhi, na sehemu ya mapato ya wageni wanaokuja kumtazama kima punju ikarudi vijijini. Jozani na Ghuba ya Chwaka ikatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na UNESCO ikaitambua kuwa hifadhi hai mwaka 2016. Mvutano haukuisha, hasa juu ya kuni na mazao yanayoliwa na kima, lakini mpaka unajulikana na una watu wa kuutetea.

Mwanakwerekwe kinakosekana kitu cha kwanza kabisa: orodha inayokubalika ya nyumba zilizokuwepo. Bila ya hiyo, anayejenga leo hudai kwamba amejenga zamani, na aliyejenga zamani kweli hana cha kuonesha. Ushahidi upo. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilipiga picha za anga za Unguja na Pemba kwa droni, picha zinazoonesha paa moja moja. Wakaazi wanaombwa waitake picha ya bonde lao kupitia kwa masheha na madiwani, ichapishwe kwa ukubwa, ibandikwe kwenye ukuta wa skuli au baraza ya msikiti, na kila mwenye nyumba aione yake na kuitia alama mbele ya majirani. Nyumba iliyomo kwenye picha itambuliwe kwa maandishi kuwa imetangulia, na mwenyewe apate utulivu wa kujua hatobomolewa usiku mmoja. Ukingo wa maji utembelewe kwa miguu na wazee wanaokumbuka masika makubwa yalifika wapi, wafuatwe na mpima ardhi, na vigingi vipigwe pale walipoonesha.

Yapo ya kudaiwa kwa serikali pia, na yanafaa kudaiwa kwa sauti moja. Kila ombi la kutanua nyumba iliyo ndani ya vigingi libandikwe kwa sheha siku kadhaa kabla ya kuamuliwa, na jibu liandikwe pamoja na sababu yake. Familia zinakua: kijana anaoa, binti anarudi na watoto, nyumba ya marehemu inagaiwa kwa mirathi na kila mrithi anataka mlango wake. Serikali inayowakataza watu hao chumba bondeni inawajibika kuwapimia viwanja mahali pakavu, kwa bei ambayo muuza samaki wa sokoni Mwanakwerekwe anaimudu. Bila ya hilo marufuku itavunjwa usiku, kwa kurunzi.

Vuli ya Oktoba hadi Desemba inatosha kuyaangalia maji yanasimama wapi. Mikutano ya shehia ikifanyika katika miezi hiyo ya vuli, basi Januari na Februari, udongo ukiwa mkavu, ndiyo miezi ya kupiga vigingi, kuzibua mitaro na kusakafia mashimo ya vyoo kwa msaragambo, kabla Machi haijaingia.