Ajali haina kinga?

Kila tukaapo matangani, kuna msemo usiochelewa kusikika: ajali haina kinga. Husemwa kumliwaza mfiwa, na kwa hilo hauna ubaya. Lakini unapotoka msibani na kuwa jibu letu la kila siku kuhusu barabara, hapo, ndugu msomaji, yatupasa kuutazama upya, kwani hesabu za miaka mingi zinaukataa.

Tuitazame Japani. Mwaka 1970 ajali za barabarani ziliua watu 16,765 nchini humo, wakiwemo watoto wengi waliogongwa wakitembea kwa miguu. Wenyewe waliiita hali hiyo vita. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya msingi ya usalama barabarani. Zikajengwa njia za waendao kwa miguu, zikawekwa taa na vizuizi, na baadaye mikanda na kofia ngumu zikawa lazima. Mwaka 2023 waliokufa walikuwa 2,678, ilhali magari yameongezeka maradufu na zaidi. Isitoshe, zaidi ya nusu ya hao ni wazee wa miaka 65 na kuendelea. Ni kweli kwamba Japani imekuwa nchi ya wazee, lakini uzee pekee haupunguzi vifo kutoka elfu kumi na sita hadi chini ya elfu tatu.

Huku kwetu mambo ni kinyume. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 barabara ziliua watu milioni 1.19 duniani kote, pungufu kwa asilimia 5 ikilinganishwa na mwaka 2010. Katika kanda yake ya Afrika vifo viliongezeka kwa asilimia 17 katika muda huohuo. Nchini Kenya waliokufa mwaka 2023 walikuwa 4,324. Mwaka uliofuata wakafika 4,748.

Na ni akina nani hao? Shirika hilo linaeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, na kwamba wanaume hufa takriban mara tatu ya wanawake. Sababu haihitaji mtaalamu. Mwanamume ndiye aghalabu aliye kwenye usukani, ndiye utingo, ndiye dereva wa bodaboda anayerudi usiku wa manane akifukuzia hesabu ya tajiri wake. Tusidhani, basi, kwamba wanawake wamesalimika. Jina la mumewe huingia katika takwimu mara moja tu. Yeye hukaa eda, kisha huanza kutafuta karo ya mayatima.

Wala tusiseme kwamba ya Japani hayawezekani kwetu. Mwaka 2004 Kenya, chini ya Waziri John Michuki, ililazimisha matatu kufunga mikanda na vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na abiria wakaketi kwa hesabu ya viti. Usimamizi ulipolegea, mikanda ikabaki kuwa pambo. Kilichokosekana hapo hakikuwa fedha.

Kofia ngumu inayovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki kwa takriban asilimia 40. Hata hivyo tunamnunulia kijana pikipiki kwa mamilioni, kofia tukaiona gharama, na ya abiria haipo kabisa. Atakayesema kuwa hayo ni kadari na ajiulize mbona nyumba yake ameitia komeo.

Asubuhi ya Jumamosi simama kando ya barabara yoyote yenye madrasa. Utaona pikipiki imebeba mshikaki: watoto watatu, juzuu kifuani, vichwa vitupu, mdogo kuliko wote amekalishwa juu ya tangi la mafuta. Dereva huyo alikubaliana bei na mzazi mmoja kati yetu. Je, walizungumza lolote zaidi ya bei?