Usitukane Wakunga: Cheti, Mkono na Sheria ya 1902



Binti wa jirani yangu hapa Muscat ni nesi mkunga, kasomea Dar es Salaam. Miezi sasa anangoja chuo chake kithibitishe vyeti vyake ndipo aendelee na leseni. Mama yake kaniuliza, "Ami, mtu keshazalisha wenzake wangapi, wanataka karatasi gani tena?"

Mimi nilikuwa karani, nimesomeshwa skuli ya mapadri, na karatasi ndizo zilizonilisha. Nitamjibu kwa historia.

Uingereza, hadi mwisho wa karne ya 19, mwanamke yeyote aliweza kujiita mkunga. Wako waliokuwa hodari, na wako waliochukua homa ya uzazi nyumba hadi nyumba kwa mikono isiyooshwa. Mwaka 1902 ikapitishwa Sheria ya Wakunga ya England na Wales, ikaundwa Bodi Kuu ya Wakunga kutunza daftari na kusimamia mitihani. Tangu 1905 ikawa marufuku kujiita mkunga bila cheti. Tangu 1910 asiye na cheti akakatazwa kuifanya kazi hiyo kwa malipo, isipokuwa chini ya daktari. Manesi wengine walingoja sheria yao hadi 1919.

Lakini sheria ile iliacha mlango. Mwanamke mwenye sifa njema, aliyekwisha kuifanya kazi angalau mwaka mmoja, aliandikwa bila mtihani. Mwaka 1905 zaidi ya nusu ya majina daftarini yalikuwa ya wanawake hao. Hawakutupwa. Waliwekewa kanuni na wakaguzi, huku wapya wakisomeshwa.

Shangazi yangu hakuupata mlango huo. Alikuwa mkunga Unguja, na cheti chake kilipotea katika misukosuko ya 1964. Alipofika Oman miaka ya sabini, hospitali zikiwa bado chache, ofisi moja ilimwambia, hakuna cheti, hakuna kazi. Mikono iliyopokea watoto ikaishia kushona kofia.

Sisemi vyeti viondoshwe. Mama aliyeshikwa na uchungu hana nafasi ya kumhoji mkunga wake. Cheti kimekwisha kumhoji kwa niaba yake. Ninalosema ni kwamba cheti ni shahidi wa mkono, si badala yake. Shahidi akipotea, mkono wenyewe upimwe: mtu afanye kazi chini ya usimamizi, atahiniwe, kisha ahukumiwe.

Nasi tuna wajibu wetu. Tuweke nakala za vyeti mahali zaidi ya pamoja. Tuhakikishe jina la cheti na la pasipoti ni moja, maana wengi wetu tulisoma kwa jina la baba na babu, kisha tukaongeza la kabila. Tofauti ndogo kama hiyo inatosha kulisimamisha faili.

Wazee walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kumwacha mkunga hodari akae nyumbani bila hata kumpima, nako ni kumtukana.