Wapime kwanza, njo watoe dawa

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama mnaotungojea nyumbani,

Hakuna mchimbaji anayeshuka katika shimo jipya mbele ya kuponda jiwe kidogo na kuosha mchanga wake katika karai. Tunapima kwanza, njo tunatia nguvu. Basi juu ya nini tunakubali bibi zetu wapewe dawa kali za kanseri, uvimbe wenyewe haujapimwa?

Kamarade mmoja wa kazi aliuza shamba ili bibi yake atolewe uvimbe wa titi. Wakapasua, kile kinyama kikatupwa. Hakuna labo iliyokiona. Mama akapewa dawa, nywele zikaanguka, franga zikaisha, na mpaka leo hakuna anayejua ilikuwa kanseri ya namna gani.

Kanseri ya titi haiko moja. Iko ile inayolishwa na homoni za mwanamke. Hiyo inazuiwa na tamoksifeni, kidonge cha bei ya chini kinachomezwa nyumbani kila siku, miaka mitano ao zaidi. Iko ingine isiyojali homoni. Kwa hiyo, tamoksifeni ni kazi bure, inataka dawa zingine za kutia katika mshipa. Kwa macho na vidole, hata dokta mzuri hawezi kuzitofautisha. Ni labo inayojua: wanakata kipande chembamba, wanakitia dawa ya rangi, wanakitazama kwa mikroskopi. Hapa jirani, kituo cha kanseri cha Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kilichofunguliwa 2012, kinafanya kipimo hicho.

Tena si lazima mgonjwa asafiri kwanza. Kinyama kikitiwa mara moja katika chupa yenye formoli, chenyewe kinaweza kutangulia njiani.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri kutunza mfanyakazi na familia yake wakiugua. Kupima ni sehemu ya matunzo. Wenye mkataba, tudai hiyo kwa sauti moja. Na sisi wa koperative, tusio na mkataba, tuweke kisanduku, kila mtu atoe kidogo kila juma. Kisanduku kitalipa kipimo mbele hatujauza mashamba.

Siku ya kupasuliwa, uliza: kinyama kinaenda labo gani? Jibu litatoka lini? Na karatasi ya jibu, uichunge sawa vile unachunga dhahabu yako.