MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo sisi wanafunzi wa kutwa hulikanyaga kila asubuhi mvua ikinyesha, nalo ni maji yasiyo na pa kwenda. Aidha, tuzungumze juu ya ndugu zetu wa vyuo vikuu wanaokuja mitaani kutafuta dawa ya maji hayo. Maoni yangu ni kwamba waje, tena waje kwa wingi, lakini wasiondoke na majibu yetu mkobani bila kuturudishia.

Kwanza tuitazame shida yenyewe. Wengi hudhani maji ya kunywa na maji ya mafuriko ni shida mbili tofauti. Hasha! Mtaani kwetu mabomba mengi ya plastiki yamepitishwa ndani ya mitaro ya maji machafu. Siku za mgao bomba huwa tupu, na penye ufa maji ya mtaro hujipenyeza ndani. Maji yakifunguliwa, uchafu ule husafiri hadi kwenye mtungi wa mama jikoni. Kwa hivyo mtaro ukiziba haiharibiki njia tu, huharibika hata chai. Hapo ndipo kipindupindu hupata mlango. Tena mafuriko yenyewe huua. Yale ya Machi hadi Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na jijini Nairobi watu wa Mathare na Mukuru ni miongoni mwa walioumia sana.

Sasa tuje kwa wanachuo. Mwaka jana walifika mtaani kwetu wanafunzi wa chuo kikuu kimoja, sikitaji. Walikuwa na gambuti miguuni. Walipima upana wa mtaro, wakachota maji kwa vichupa, wakamuuliza mama yangu maswali kama thelathini hivi: mtungi mmoja analipa shilingi ngapi, watoto wameharisha mara ngapi, na kadhalika. Mama aliacha kufua akajibu yote. Wakashukuru, wakaenda zao. Hadi leo hatujui vile vichupa vilisema nini. Tuchemshe maji au tusichemshe? Kama jibu lipo, liko kwenye rafu fulani, tena bila shaka kwa Kiingereza. Jamani, huo ni ungwana?

Kuna wanaosema, "Si wale ni wanafunzi tu, wamekuja kutafuta alama! Pesa za kujenga mtaro watatoa wapi?" Ni kweli hawana pesa. Isitoshe, kujenga mtaro si kazi yao. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti kazi ya kushughulikia maji ya mvua mijini. Nacho Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Lakini ukienda kwa wakubwa mikono mitupu ukisema, "Mtaro wetu ni mbaya," utaambiwa, "Tutaangalia." Ukienda na vipimo, ramani na idadi ya nyumba zinazoingia maji, itabidi mkubwa akae chini asome. Hiyo ndiyo mali ya mwanachuo. Hatuletei saruji, anatuletea hesabu.

Wala sisemi ndoto. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Strathmore vilifanya kazi Mukuru pamoja na wenyeji na vyama vyao, kikiwemo Muungano wa Wanavijiji. Utafiti wao ulionyesha jambo la kustaajabisha: maskini wa Mukuru alikuwa akilipia maji bei ya juu kuliko mtu wa mtaa wa kifahari! Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango, na wenyeji wakaitwa kutoa maoni juu ya maji, barabara na mitaro yao. Ni kweli mafuriko ya 2024 yalifika huko pia, kwa maana mpango wa karatasi hauzuii mto. Lakini angalau watu wa Mukuru wana hesabu mkononi za kudai haki yao. Sisi tuna nini?

Kwa hivyo natoa mwito wa mambo matatu. La kwanza, kila utafiti urudi mtaani na usomwe katika baraza la chifu, kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba, si lugha ya kuuzia sukuma wiki tu. Kama wanachuo wanaona kazi ya kutafsiri ni ngumu, waje kwa Chama chetu cha Kiswahili. Tutawasaidia bure!

La pili, wawaulize wazee mto ulipita wapi kabla ya nyumba kujengwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

La tatu, watushirikishe sisi wa sekondari. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua paa la madarasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8. Mvua ya milimita 30 italimwagia lita 4,800, yaani mitungi 240 ya lita ishirini. Pasipo mabomba ya paa na tangi, maji hayo yote huteremka kwa majirani walio chini. Hesabu kama hii mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza, mradi apate wa kumwongoza.

Nasi tusikae tukingoje wageni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini mitaro bado imesongwa na chupa za soda na nepi za watoto. Hakuna profesa atakayekuja kutuzolea.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni akija akapima ugonjwa, asiondoke kimya. Amwambie mwenyeji anaumwa nini, ndipo mwenyeji ajue mlango wa kubisha.