Mwalimu, Ulizo Lako Linafungua ao Linafunga?

Mwezi huu nasema na ninyi munaofundisha: walimu wa masomo, vijana wa masomo ya Siku ya Mungu, pamoja na wazazi munaosaidia watoto jioni.

Mwalimu anamaliza kueleza, anauliza: «Mulisikia?» Darasa lote: «Ndiyo, mwalimu!» Siku ya mutihani, karatasi nyeupe. Watoto hawakudanganya. Ulizo lile halikuomba kitu kingine ila «ndiyo».

Tangu mwaka 2019, wakati masomo ya musingi ya serikali yalifanywa kuwa bure, madarasa mengi yamejaa sana. Ndani ya kundi kubwa, mutoto asiyeelewa anajificha nyuma ya sauti za wenzake. Ulizo zuri ndilo linamutafuta.

Jaribu hivi. Uliza: «Nusu na moja juu ya tatu, kubwa ni gani?» Wengine watajibu moja juu ya tatu, sababu 3 inapita 2. Usiwacheke, wala usiseme «hapana» mara moja. Uliza tena: «Mukate mumoja, tukigawanya kwa watu wawili, kiisha kwa watu watatu, ni wakati gani utapata kipande kikubwa?» Hapo mutoto anajisahihisha mwenyewe, na hatasahau upesi.

Kiisha kuuliza, nyamaza. Mwalimu mumoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza madarasa mengi. Mwaka 1974 aliandika kwamba walimu walingoja karibu sekunde 1 tu, kiisha wakaendelea. Walipongoja sekunde 3 ao zaidi, majibu yalikuwa marefu, na watoto waliozoea kunyamaza walianza kusema. Basi hesabu polepole ndani ya moyo: moja, mbili, tatu. Hii haiombi hata franka moja.

Tena, uliza kwanza, ndipo utaje jina. Ukianza na jina, wengine wote wanapumzika. Na hata jibu likiwa zuri, ongeza: «Umejua namna gani?»

Ninyi wazazi, mutoto akirudi, mumuulize: «Leo wewe uliuliza mwalimu nini?» Juu mutoto anayeogopa kuuliza darasani, kesho atashuka katika shimo bila kuuliza kama miti inayoshika udongo ni mizima, ao atatia sinyatiri kwenye karatasi asiyoelewa. Tumufundishe kuuliza angali mudogo.